Wageni wa Kitengela na Nyanya wa Bisil



Barua ya juma hili imetoka mbali na pwani yetu. Mwandishi wake ni mama aliyezaliwa Lamu, akaolewa bara, na sasa anaishi Kitengela katika kaunti ya Kajiado. Anaeleza kwamba kila mwaka, shule za Marekani zinapofungwa mwezi wa Juni au Julai, huja kundi la waumini wa kanisa kutoka huko kuzuru nyumba ya mayatima iliyo karibu na mtaa wake. Hukaa siku kumi hivi. Hupaka kuta rangi, hucheza mpira na watoto, huwafundisha nyimbo na visa vya Biblia, hugawa viatu na kalamu, kisha huenda kutazama ndovu Amboseli na kurejea kwao. Kikundi cha akina mama wa Kiislamu wa hapo, ambacho yeye ndiye mweka hazina wake, kimeuona uzuri wa jambo hilo na kimechanga Sh 180,000. Baadhi yao wanataka Ramadhani ijayo waende nyumba hiyo kufuturisha. Wengine wanasema afadhali waanzishe nyumba yao wenyewe ya mayatima wa Kiislamu. Anauliza lipi lililo bora.

Swali lingekuwa jepesi lau barua ingekoma hapo. Lakini mwishoni, kama mtu anayeogopa kulitaja, ameongeza mistari minne. Alipokwenda pale pamoja na jirani yake Mkristo, alimkuta mtoto wa miaka saba anayeitwa jina moja mbele ya wageni, naye mtoto akamnong'oneza kwamba jina alilopewa na baba yake ni jingine, tena ni la Kiislamu. Baba amefariki. Mama yuko Saudia kwa kazi za nyumbani. Nyanya mzaa mama yu hai, anaishi Bisil, mbele ya Kajiado mjini kwenye barabara ya Namanga. Kutoka Kitengela hadi kwake, hata saa mbili hazitimii kwa matatu.

Dada yangu, mas'ala yako ni mawili na nitayajibu yote. Lakini kwanza tuwafanyie wageni hao uadilifu. Wengi wao ni watu wa kawaida: waalimu, wauguzi, vijana wa shule. Wameitoa likizo yao, wameuza keki na kuosha magari ili wapate nauli, na wamevuka bahari kwa ajili ya watoto wasiowajua. Kwetu sisi wapo wanaopita Tononoka kila siku na hawajapata kuuliza ni watoto gani wanaozuiliwa pale. Basi asiwacheke mtu. Ninachokitazama si nia yao, ambayo ni baina yao na Mola wao. Nakitazama kile kinachobaki Kitengela baada ya ndege kuruka.

Asiyeijua Kitengela aelewe kwamba si kijiji. Ni mji uliokua kwa kasi kilomita 30 hivi kutoka katikati ya Nairobi, juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya Wamasai mpaka ranchi ya pamoja ilipogawanywa na vipande vyake kuuzwa. Viwanda vya EPZ vya Athi River vikawaleta wafanyakazi, wengi wao wanawake walio peke yao na watoto. Viwanja vilikuwa rahisi, lami ilikuwapo, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hauko mbali. Aliyetaka kufungua nyumba ya watoto na kupokea wageni wa ng'ambo alipaona pahali hapo panafaa sana. Haja nayo ilikuwapo: mwaka 1999 Rais Moi alipotangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa, nyanya nyingi za nchi hii zilikuwa zinazika wana na kulea wajukuu kwa wakati mmoja. Nyumba nyingi zilifunguliwa kwa huruma ya kweli.

Lakini fedha zina desturi yake. Msaada wa ng'ambo hufuata kitanda chenye mtoto. Mtoto akirudi kwa shangazi yake, kitanda ni kitupu, picha yake haipo tena ukutani, na mfadhili aliyekuwa akituma dola zake kila mwezi anauliza amekwenda wapi. Kwa hivyo hata mwenye nyumba aliye mwema huvutwa na hesabu yake asiharakishe kumrudisha mtoto, na aliye mwovu hutoka kwenda kuwatafuta. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba, katika watoto watano wanaolelewa kwenye vituo duniani, wanne kwa uchache wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Yaani wengi wa wanaoitwa mayatima hawakupelekwa na mauti. Walipelekwa na karo, njaa, ukame na mama kwenda kutafuta riziki.

Serikali yetu imeliona hilo. Mwaka 2014 ilisimamisha wageni kuwachukua watoto wa Kenya na kuwapeleka nje kuwa wana wao. Mwaka 2017 ikasimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto. Na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarejesha katika familia. Umoja wa Mataifa nao, katika azimio la Baraza Kuu la Desemba 2019, ulizitaka nchi wanachama zichukue hatua dhidi ya utalii na kujitolea katika nyumba za mayatima pale vinapowadhuru watoto. Kwa hiyo wale akina mama wanaotaka kufungua nyumba yao wenyewe, jibu lao ni fupi: mlango huo umefungwa na serikali, na kwa rai yangu umefungwa kwa haki.

Na madhara ya ziara yenyewe? Mtoto wa miaka mitatu huja akamkumbatia mgeni asiyemjua, akamng'ang'ania shingoni, na mgeni hulia kwa furaha akidhani amependwa. Mama aliyelea anajua kwamba mtoto wa umri huo aliyeshiba mapenzi hujificha nyuma ya buibui la mamake akimwona mtu mgeni. Kumrukia kila apitaye ni dalili ya njaa. Siku ya kumi mgeni huondoka, na mwaka ujao huja wengine wenye fulana za rangi nyingine. Watafiti wa Kimarekani walianza kufuatilia jambo hili Bucharest, nchini Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa watoto 136 waliokuwa vituoni: nusu wakapelekwa kwa familia za walezi, nusu wakabaki. Waliopata familia walikua na akili na utulivu zaidi, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto anahitaji mikono michache ile ile, asubuhi na jioni.

Kuna na lile ambalo sipendi kuliandika katika jarida linalosomwa na watoto, ila nitalitaja kwa ufupi. Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma ilimhukumu kijana wa Kimarekani kifungo cha miaka 40 kwa kuwanajisi watoto wa nyumba moja ya mayatima hapa Kenya alikokuja kujitolea. Mwaka 2021 mahakama ya Pennsylvania ikamhukumu mzee aliyejiita mmishonari miaka 15 na miezi minane kwa aliyoyafanya katika nyumba aliyoifungua Bomet mwaka 2008. Msomaji asidhani nayataja ili kulichafua kanisa. Maovu haya yamepata kuingia hata katika vyuo vyetu vya Qur'ani, na sote tunajua jinsi tulivyoyafunika. Nayataja kwa sababu nyumba ambayo mgeni yeyote mwenye zawadi huingia na kushika watoto ni nyumba isiyo na komeo, awe mgeni huyo amevaa msalaba au kanzu.

Wala sisemi kwamba kila nyumba haifai. Shule ya wasichana ya AIC Kajiado, ya kanisa, iliyoanzishwa mwaka 1959, imewapokea wasichana wa Kimasai wengi waliokimbia kukeketwa na kuozwa wangali wadogo, na mwalimu mkuu wake wa zamani, Bi. Priscilla Nangurai, alijulikana nchi nzima kwa kuwasimamia. Msichana anayekimbia usiku anahitaji mlango wa kubisha, na Mungu amlipe aliyeufungua. Nasi tunayo ile nyumba ya Garissa ya Young Muslim Association, ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ambayo imelea vijana wengi wakawa watu wa maana. Nyumba ya hifadhi ni kama hospitali: heri iwepo, na heri mtoto asikae humo siku moja zaidi ya haja.

Watu wa Mombasa wana mfano wao karibu. Mnapopita Kengeleni kwenda Kisauni mnaiona kengele ya Freretown, mji uliojengwa na wamishonari wa Kiingereza wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na watoto walikuwamo wengi. Wazee wetu walikuwa na yao ya kusema juu ya Freretown, nami leo siyafufui. Ila tuzingatie jambo moja: watoto wale walishushwa kutoka majahazini, nao wamenyakuliwa kutoka bara ya mbali. Hakuna aliyejua mama zao wako wapi, na njia ya kuwarudisha haikuwapo. Mtoto wa Kitengela ana nyanya Bisil na matatu hupita kila saa.

Sasa tuje kwenye dini yetu, kwani hapa ndipo ninapoona tunajisahau. Yatima katika fikihi ni mtoto ambaye hajabaleghe na baba yake amekufa, hata kama mama yake yu hai na anampikia kila siku. Tazameni uzito wa maana hiyo. Sheria iliyomhesabu mtoto wa mjane kuwa yatima haikusudii kumtoa kwa mjane. Imekusudia aliye na mali aingie kwa heshima katika nyumba ya mjane, aondoe kilichopunguka, na mtoto abaki palepale kwenye mkeka aliozaliwa. Hiyo ndiyo kafala kwa sura yake ya kwanza. Mwenye kuifanya ameahidiwa na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, ukaribu naye Peponi, akaashiria kwa vidole vyake viwili.

Naye Mtume mwenyewe alikuwa nani? Baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake, Bi. Amina, alikufa njiani Abwa yeye akiwa na miaka sita. Akachukuliwa na babu yake Abdul Muttalib, na babu alipokufa miaka miwili baadaye, akachukuliwa na ami yake Abu Talib, mtu mwenye watoto wengi na mali kidogo. Kila mkono ulipolegea, mkono mwingine wa jamaa ulikuwa tayari. Na Bi. Maryam, ambaye ndugu zetu Wakristo nao wanamtukuza, Qur'ani katika Surat Aali Imran inatueleza kwamba watu walishindania kumlea, wakatupa kalamu zao kupiga kura, hata jukumu likamwangukia Zakariya. Walishindania! Kwetu leo mtoto akifiwa, baada ya hitima jamaa hutazamana, na kila mmoja huanza kuhesabu vyumba vyake.

Najua kinachowazuia akina mama wengi, maana ndicho ninachoulizwa msikitini mara kwa mara. Wanasema: Sheikh, mtoto huyu si wangu, akibaleghe nitajisitiri naye nyumbani mwangu mwenyewe? Swali ni la haki, na madhehebu yetu ya Shafi yana jibu kwa mtoto mchanga. Mtoto akinyonyeshwa mara tano za kutosheka kabla hajatimiza miaka miwili, huwa mwana wa kunyonya. Si lazima anyonye kwa mlezi mwenyewe. Mvulana akinyonyeshwa na dada yako, wewe umekuwa khalati yake. Msichana akinyonyeshwa na dada wa mumeo, mumeo amekuwa mjomba wake. Mahramu imepatikana, na nyumba inaishi kwa raha. Pimeni afya kwanza, na andikeni nani amemnyonyesha nani, ili siku ya posa pasitokee msiba. Kwa mtoto aliyekwisha kuvuka umri huo, hubaki adabu za stara ambazo nyumba nyingi za pwani tayari zinazo: chumba chake, mlango wa kubishwa, na mtandio ulioangikwa karibu.

Kuhusu mirathi, mtoto wa kafala harithi, lakini mlezi anaweza kumwachia kwa wasia mpaka theluthi ya mali, na yatima mwingi angepata kidogo kuliko hicho kwa jamaa zake wa damu. Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina lake, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kuwa njia mojawapo ya malezi kwa Waislamu. Ni jambo la ajabu kwamba Bunge la Nairobi limeliandika neno letu, na sisi tunatafuta mfano Oklahoma.

Basi hizo Sh 180,000. Ngoja kwanza tuhesabu upande wa wageni. Kundi la watu 15, tukikadiria tiketi ya kila mmoja kuwa dola 1,000 tu, nayo aghalabu huzidi, limetumia dola 15,000 kabla ya mtu kunywa chai Kitengela. Kwa Sh 130 kwa dola moja hizo ni karibu Sh milioni mbili. Serikali, katika mpango wake wa kuzisaidia kaya zenye mayatima, hutoa Sh 2,000 kwa mwezi. Nauli ya safari moja ingezitunza kaya themanini mwaka mzima kwa kiwango hicho. Nanyi zenu, Sh 5,000 kwa mwezi kwa nyanya watatu kwa miezi kumi na miwili, ni Sh 180,000 kamili. Ninaposema nyanya watatu, nawataka mwanzie Bisil.

Kufuturisha katika nyumba ile si haramu. Sadaka humfaa kila mwenye haja, Mwislamu na asiye Mwislamu, na Suratul Insan imewasifu waliomlisha masikini, yatima na hata mateka, bila kutaka malipo wala shukrani. Ila iwe ni sadaka. Zaka msiitumie huko, wala msiitumie kukodi basi. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na yatima huingia humo akiwa fukara, si kwa uyatima wake. Mkipeleka chakula, kipelekeni kwa mwenye nyumba, msipange watoto mstari wa kupokea sahani kutoka mikononi mwenu, na simu zikae mikobani. Nimeona picha za akina mama wetu wa hapa Mombasa na mayatima siku ya Idi, zimesambazwa katika makundi ya WhatsApp, nyuso za watoto waziwazi. Hakuna kati yao angekubali mwanawe apigwe picha akipokea mchele.

Nimemwacha mtoto mwisho kwa sababu yake ndiyo kubwa. Zayd bin Haritha aliitwa mwana wa Muhammad mpaka ilipoteremka aya katika Suratul Ahzab kuamuru watoto waitwe kwa baba zao, na nasaba yake ikarejeshwa, ingawa aliyekuwa akinasibishwa naye ni Mtume. Jina la mtoto huyo ni amana ya marehemu baba yake. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na haki ya malezi ya wazazi. Hata hivyo nakusihi, dada yangu, usilifanye jambo hili vita vya dini. Huenda walimwita hivyo kwa kuwa jina lake lilikuwa zito kwa ndimi za wageni. Na watu hao wamemlisha na kumsomesha wakati ambapo sisi, pamoja na misikiti yetu yote ya barabara ya Namanga, hatukujua kama yupo.

Usiende na umati. Usimtoe mtoto kwa mkono wako, kwani sheria hairuhusu na atatishika. Zungumza kwanza na mama yake aliye Saudia. Yeye ndiye mwenye haki ya kulea, na baada yake, kwa madhehebu yetu, ni mama yake mzazi, yaani nyanya huyo wa Bisil. Yawezekana mama ndiye aliyempeleka pale kwa kudhani atakosa karo, na Sh 5,000 za kila mwezi zitamwondolea hofu hiyo. Kisha nenda na nyanya kwa afisa wa watoto wa serikali Kajiado, mkiwa na kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya chifu. Afisa atataka kuiona nyumba na kuuliza nani atamsaidia bibi mzee. Hapo mwambieni ni kikundi chenu, na mkubali jina la kikundi liandikwe. Msistaajabu ikichukua miezi. Katika miezi hiyo nyanya amzuru mtoto kila wiki mbili, alale kwake wakati wa likizo, azoee tena harufu ya nyumba. Na mkuu wa nyumba ile mpelekeeni shukrani, tende na barua yenye sahihi zenu nyote.

Umeandika kwamba nyanya huyo huvimba miguu akikaa sana. Mlipieni kiti cha mbele.

Swali la mama wa Malindi kuhusu eda ya aliyefiwa akiwa safarini tutalijibu juma lijalo, inshaAllah.

Wallahu aalam.